Sarafu Nane Kutoka Pipa Lililokataliwa

6 Februari

Mwanangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe, mume wako na hao mapacha wasiotulia. Mimi ni mzima. Kifua kilinibana wiki iliyopita, kikaachia chenyewe. Mwambie baba yako kwamba goti haliponi kwa kulalamikiwa. Daktari kasema atembee, basi atembee. Kaka yangu huyo namjua tangu tukiwa wadogo: kila siku ya kufua alikuwa anaumwa mguu.

Simu uliyoninunulia ipo. Nimeifungia kabatini isije ikaharibika. Usiniambie nipige, maana mtu akipiga simu husahau nusu ya aliyotaka kusema na nusu nyingine huisema vibaya.

Siku zangu ni ndefu sasa. Miaka ishirini na saba nimekaa kwenye meza ya ukaguzi ya kiwanda cha sarafu, nikitazama kila kipande kabla hakijafungwa. Leo natazama mchele. Jana nimechambua kilo mbili na sikuacha chuya hata moja, lakini ni nani wa kunisifu? Paka?

Ninalo jambo. Nilipoondoka kiwandani Desemba walinipa sarafu nane za madini ya fedha, zile mpya zenye korongo upande mmoja na shuke upande wa pili. Nasikia wapo wataalamu ambao mtu akiwapelekea sarafu huipima, huipa alama, kisha huifungia kwenye kasha gumu la plastiki lenye karatasi ya kuonyesha alama hizo. Nasikia pia wakala wao yuko mjini kwenu. Niulizie. Wewe ni fundi saa, mambo ya vitu vidogo unayajua. Je, inafaa kuwapelekea?

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mapacha wamefungua saa ya mezani ya mteja ili waone "inapolala sauti", na mpaka leo natafuta gurudumu moja chini ya kabati. Baba anakusalimu. Nilimsomea yale ya siku za kufua, akacheka mpaka akakohoa.

Wakala nimemwona. Ofisi yake iko ghorofani, juu ya duka la rangi, milango mitatu kutoka kwangu. Ni mtu mkweli, maana alinieleza hasara kabla ya faida. Ada hulipwa kwa kila sarafu. Ongeza posta ya kwenda, posta ya kurudi, na bima ya njiani. Ukijumlisha, kumpima korongo mmoja ni karibu sawa na kumnunua korongo wa pili.

Tena sarafu zako ni mpya, Shangazi. Za zamani zimepita mikononi mwa watu na misukosuko mingi, kwa hiyo iliyobaki safi ni ya ajabu. Hizi za siku hizi hutoka mashineni kwa makumi ya maelfu, karibu zote nzuri. Alama za juu kabisa ni sabini. Ukipata sitini na tisa hakuna atakayekushangaa, kila mtu anayo. Ni sabini tu inayopanda bei, na hata hiyo mpaka umpate mnunuzi mwenye wazimu wake. Labda sarafu iwe na jambo la pekee, na zako hazina. Ushauri wangu ni uziuze kwa uzito wa madini, au uziweke. Kuzipima ni kutwanga maji kwenye kinu.

Nimalizie kwa swali. Ulituambia umebakiza miaka mitatu ya kustaafu. Mbona umeondoka Desemba? Baba ameniambia nisikuulize. Mimi nimeuliza.

Mwanao, fundi saa


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikasirika, nikasubiri hasira iishe. Imepungua. Haijaisha.

Umenipigia hesabu nzuri sana, kama karani. Kumbe nawe hukujua kisa, kwa hiyo kosa ni langu. Kaa chini nikueleze, nisirudie tena maishani mwangu.

Mwezi wa Novemba tulikuwa tunakagua hao korongo. Sarafu hugongwa na muhuri wa chuma, na muhuri ukichoka hupasuka. Ufa wake huanza mwembamba kuliko unywele, na kila pigo huurefusha. Chuma kikiwa na ufa, sarafu hutoka na kimstari kilichoinuka. Siku hiyo nilishika sarafu, nikaigeuza dirishani, nikaona kimstari ukingoni, upande wa bawa. Nikachukua nyingine. Kipo, na kimekua. Nikanyanyua mkono mashine isimame, nikalikataa pipa zima.

Msimamizi wetu, yule tunayemwita Bwana Haraka, akaja mbio. Mzigo ulikuwa unasubiriwa. Akatazama sarafu mbili akaniambia, "Mama, hakuna kitu hapa." Nikamwambia kipo. Akamwita fundi wa mashine, naye akatazama uso wa msimamizi kabla ya kutazama sarafu, akasema haoni. Mashine ikawashwa. Baada ya wiki tatu nikapewa barua inayosema macho yangu yamechoka na hayafai tena kwa ukaguzi. Na zawadi ya kuniaga, mwanangu, wakaichota kutoka pipa lilelile nililolikataa. Sidhani walifanya makusudi. Kwao yote yalikuwa sawa, na hilo ndilo linaloniuma.

Tangu siku hiyo silali vizuri wala sijiamini. Naona chuya kwenye mchele najiuliza, ni chuya kweli? Sitaki bei. Nataka watu wasionijua, wasiojua nilisema nini, watazame nilichokitazama. Wakisema mimi nimekosea, nitaikubali ile barua na kuinyamazia. Wakisema nimepatia, basi.

Sarafu hizi hapa kwa posta ya rejista, kila moja kwenye kikasha chake chenye namba, moja hadi nane. Nimeuza cherehani kulipia ada, usinipigie kelele, ilikuwa imekaa bure. Kuna bahasha nimeifunga kwa gundi. Ndani nimeandika alama nilizozipa mwenyewe, kila sarafu na zake, na urefu wa ufa kwenye zile zenye ufa. Usiifungue mpaka majibu yarudi. Na sarafu usizitoe kwenye vikasha.

Shangazi yako


19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na nisamehe. Nimeisoma barua yako dukani nimesimama, mteja akinisubiri. Nilipomsomea baba, alitoka nje bila fimbo akazunguka nyumba mara mbili. Akasema tu, "Dada yangu ndiye aliyekuwa anautafuta uzi wa mama kwenye mkeka kwa taa ya chemli, na anauona."

Sarafu zote nane zimefika, na leo asubuhi nimezikabidhi kwa wakala. Stakabadhi ninayo. Bahasha iko kwenye droo ya vipuri, imefungwa. Majibu huchukua miezi miwili na zaidi. Mapacha wazima, gurudumu limepatikana ndani ya kiatu.

Mwanao


30 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo! Majibu yamekuja. Nimekaa mezani na baba na wakala, tukaifungua bahasha yako sote watatu, nami nikasoma alama zako huku wakala akisoma zao.

Namba mbili: wewe sitini na tisa, wao sitini na tisa. Namba tatu: wewe sabini, wao sabini. Namba nne, sitini na nane kwa sitini na nane. Ilipofika ya tano wakala aliacha kunywa chai. Ya sita, ya saba, ya nane, sawasawa zote. Alisema katika miaka yote ya kazi hii hajaona mtu anayefanya hivyo kwa macho matupu.

Namba moja tu ndiyo imetofautiana. Wewe uliipa sitini na tisa, wao wameipa sitini na tano, wakaandika kwamba ina madoa. Lakini saba kati ya nane, Shangazi! Ni mtihani gani mtu hupata hivyo?

Kuhusu ufa, karatasi zao hazisemi chochote. Wakala anasema huwa hawautafuti wala kuuandika isipokuwa ukilipa ada ya pili. Aliniuliza mwezi wa Aprili, nami sikuona haja. Samahani.

Mwanao


11 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kwa taabu yako, na mshukuru wakala.

Basi walisema kweli. Madoa siyo ufa, madoa hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anayaona. Sarafu niliishika mara kumi na sikuyaona. Mezani kwetu zilipita elfu nne kwa siku. Anayekosea moja kati ya nane, kwa siku amepitisha mbovu mia tano. Huyo siyo mkaguzi. Ningekuwa mimi Bwana Haraka ningemwandikia barua hiyohiyo.

Usilipe ada ya pili. Waambie wakala na wenzake wakurudishie sarafu, uziuze kwa uzito kama ulivyosema mwanzo. Ulisema vizuri.

Salimia nyumbani.


18 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Naandika haraka posta isije ikanipita. Usiuze chochote, usikubali chochote, na ukimaliza kusoma nitukane unavyotaka.

Madoa ni yangu.

Sarafu zilipofika Aprili sikuvumilia. Nilitaka kuuona ufa wako kabla ya watu wengine. Nikafungua kikasha cha namba moja, nikaweka kioo changu jichoni, na kabla sijatazama nikaipulizia. Shangazi, miaka kumi na mbili kila saa ninayoifungua huipulizia vumbi kwanza, mdomo unaenda wenyewe. Nikaona vitone vitatu vya mate juu ya shuke. Nikavikausha kwa ncha ya karatasi, nikajiambia vimetoka. Kumbe mate juu ya fedha hayatoki, hukaa na kuiva. Nimemuuliza wakala jana akaniambia hivyohivyo, tena akanitazama sana.

La pili ni baya zaidi, na ndilo lililonifunga mdomo. Kwenye hiyo namba moja sikuona ufa wowote. Nikaogopa kufungua ya pili. Niliogopa nisije nikakuta kwamba kweli hakuna. Nilikutilia shaka, Shangazi, mimi uliyenifundisha kutia uzi kwenye sindano. Majibu yalipokuja nikaona aibu kusema, nikaandika "saba kati ya nane" kana kwamba nakupongeza, huku nikijua ni nane kati ya nane. Ulipojibu vile sikula siku nzima.

Jana nimeisoma tena karatasi yako, safari hii hadi kwenye vipimo vya ufa. Umeandika wazi kabisa: namba moja, mbili na tatu, hazina ufa, ziligongwa mapema. Ufa unaanzia ya nne. Laiti ningefungua nne! Nimekwenda kwa wakala na kioo changu, tukazitazama ndani ya plastiki. Ya nne, upo ukingoni, mfupi kama kope. Ya tano umesogea. Ya sita umefika kwenye ncha ya bawa. Ya saba umeingia bawani, na ya nane umelipasua bawa mpaka shingoni. Vipimo vyako ni vilevile. Baba naye kapanda ngazi zote za ghorofa kuja kuona, na hakulitaja goti.

Ada ya pili nimeshalipa. Nimepata kazi ya saa kubwa ya ukutani pale hospitalini, kwa hiyo nawe usinipigie kelele. Sarafu tano zimerudi kwa wapimaji.

Nisamehe.

Mwanao


5 Agosti

Wewe mtoto,

Nimekutukana kwa sauti jikoni mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kama nina mgeni. Kisha nikakaa chini nikalia, kisha nikachambua mchele ambao hauna haja ya kuchambuliwa.

Mate! Babu yako alikuwa anapulizia chai baridi. Ni ukoo mzima huu.

Kunitilia shaka nimekusamehe, kwa sababu hata mimi nilijitilia. Kuninyamazia sijakusamehe bado, lakini nakaribia. Nikipata karatasi zenye neno "ufa" nadhani nitafika. Sijalala vizuri hivi tangu Novemba.

Shangazi yako


22 Septemba

Shangazi, Shangazi, Shangazi,

Shikamoo mara tano, moja kwa kila sarafu!

Zimerudi. Karatasi zote tano zimeandikwa: ufa wa muhuri. Ya nane wameeleza kabisa, "ukingoni, kupitia bawa, hadi shingoni". Nimezituma leo kwa rejista, nimezifunga ndani ya soksi za mapacha, soksi usinirudishie.

Wakala sasa ananiita "dada" na kunivutia kiti. Anasema korongo wa kawaida kumpima ni hasara, kama nilivyokuambia, lakini korongo watano wa muhuri mmoja, waliopangwa ufa ukikua hatua kwa hatua, hajapata kuwaona, na anao watu watatu wanaowagombania. Bei anayoitaja sikuamini, nikamwambia aiandike. Ameiandika, nimeibandika hapa chini. Soma ukiwa umekaa.

Kwa hiyo ulipouliza kama inafaa, jibu langu la Februari nalifuta. Sasa utafanya nini, Shangazi? Utakwenda kiwandani?

Mwanao


15 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Nimekwenda.

Nilivaa gauni la kijani na viatu vinavyobana, nikaenda Jumatatu asubuhi, wakati wote wako mezani. Mlinzi alinijua, akasita, akanifungulia. Bwana Haraka yuko palepale kwenye ofisi ya vioo. Alipoona ni mimi alianza kusema ana mzigo unaosubiriwa. Nikamwambia mimi sina haraka.

Nikapanga sarafu tano mbele yake, nne hadi nane. Akachukua kasha la kwanza akasoma karatasi yake, akachukua la pili. Alipofika kasha la mwisho, lenye ile ya nane, alikuwa ameacha kusoma, anatazama tu. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ufa wenyewe uko wapi?" Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Akaisogeza dirishani, akaileta karibu na pua, akaipeleka mbali. Mwanangu, hakuuona! Hata sasa, ukiwa umepasua ndege mpaka shingoni, hakuuona. Nilikuja nimebeba maneno makali ya miezi kumi, na yote yakayeyuka. Nilimwonea huruma. Miaka yote ile alikuwa anaogopa tu kuulizwa anaona nini.

Mkurugenzi aliitwa. Ni mama mmoja mpya, hasemi sana. Yeye aliuona papo hapo. Kisha akatoa faili, kumbe wanunuzi walishaandika kulalamika, watatu, na walijibiwa kwamba hakuna kitu. Akaisoma ile barua yangu ya Desemba mbele yangu na mbele ya Bwana Haraka, akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya neno "macho", akaendelea kuukoleza mpaka karatasi ikachanika. Akaandika nyingine kwa mkono wake. Ninayo hapa. Inasema pipa lilistahili kukataliwa, na mkaguzi alikuwa sahihi. Akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka miaka yangu mitatu. Akasema nianze Jumatatu ijayo.

Kuhusu bei ya wakala, auze zile nne, ya nne hadi ya saba, nakurudishia kwa rejista; mpatane vizuri asikupunje. Utoe ada yako ya saa ya hospitali, usibishane, nami nitanunua cherehani. Ya nane naibakiza kiwandani, mkurugenzi ameomba wanafunzi wafundishwe nayo. Hiyo ya mate yako siiuzi kwa bei yoyote, na wewe nimekusamehe, nilifika siku ile soksi zilipofika.

Kuna jambo sikukuambia, kwa sababu lilikuwa linaniuma kuliko barua. Mezani kwetu tunayo desturi. Mkaguzi akilikataa pipa na ikathibitika kwamba ni bovu, wenzake huacha kazi na kugonga meza kwa vibano vyao vya kushikia sarafu. Haiandikwi popote, wala wakubwa hawaipendi. Mwezi ule wa Novemba nililikataa pipa na hakuna aliyegonga. Mashine iliwashwa, wakainamisha vichwa, nami nikatoka katikati yao nikisikia viatu vyangu.

Jumatatu nilipotoka ofisini, wenzangu walikuwa wameona yote kupitia vioo. Nilikuwa nimeshika barua tu. Msichana wa meza ya mwisho, ambaye hata simjui, aliinua kibano akagonga. Akafuata wa pili. Kisha hata mashine haikusikika, mwanangu. Nikasimama pale katikati na viatu vyangu vinavyobana, nikalia bila kuficha uso, na bado nikazihesabu, kwa sababu kazi yangu ni kutazama.

Meza ishirini na mbili. Zimegongwa zote.

Shangazi yako,
Mkaguzi